Mgeni na Siku ya Tatu: Kuzisoma Upya Safari za Wasuaheli

Wahenga walimkatia mgeni siku mbili. Ya tatu, walisema, mpe jembe. Methali hii tumezoea kuitumia kwa utani, pindi jamaa anapochelewa kuaga, na utani huo umetusahaulisha uzito wake. Kwangu mimi, ambaye sikupata kukaa katika darasa lolote la uhakiki, na kila nikijuacho nimekiokota vitabuni na midomoni mwa wazee, methali hii ni kipimo kizima cha fasihi ya safari. Siku ya kwanza mgeni hustaajabu. Siku ya pili hulinganisha. Siku ya tatu hushika mpini, na tangu hapo mji humwonesha bei zake, baridi yake, na mahali ulipomwekea kukaa. Mwandishi anayeishia siku ya kwanza ametuandikia barua ya shukrani. Anayefika ya pili ametuandikia ripoti. Aliyefika ya tatu, hata kama hakutuachia ila kurasa chache, huyo ametuandikia fasihi.

Nataka kukitumia kipimo hiki kwa kitabu ambacho sisi wapenzi wa Kiswahili tunakitaja mara nyingi kuliko tunavyokisoma. Nacho ni Safari za Wasuaheli, kilichokusanywa na Mdachi Carl Velten na kuchapishwa Göttingen mwaka 1901. Velten alikuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani Dar es Salaam kati ya 1893 na 1896, kisha akawa mwalimu wa Kiswahili Berlin. Watu wa pwani walimwandikia habari za mwendo wao. Sleman bin Mwenye Chande aliandika safari ya bara, ya biashara na misafara. Mtoro bin Mwenyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliandika ya Udoe na Uzigua. Salim bin Abakari, Mngazija, aliandika ya Nyasa, na tena ya Urusi na Siberia. Mwaka 1965 Lyndon Harries aliyarudisha baadhi ya maandishi hayo mikononi mwa wasomaji, Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza, katika kitabu alichokiita Swahili Prose Texts. Mimi nimeyasoma huku Hasamba, wilayani Mbozi, mbali na harufu ya bahari. Na umbali huo, kama nitakavyoeleza, una kazi yake katika usomaji wangu.

Kabla ya kufungua kurasa za ndani, tuyatazame majalada. Mwaka uleule wa 1901 Velten alitoa vitabu viwili vya habari hizi, kimoja kwa Kiswahili na kimoja kwa Kijerumani. Jalada la Kiswahili lasema kwamba hizi ni safari za Waswahili. Jalada la Kijerumani lasema kwamba haya ni maelezo ya Waswahili juu ya misafara ya von Wissmann, ya Dakta Bumiller, ya Graf von Götzen na ya wengineo. Katika lugha moja safari ni mali ya aliyetembea. Katika lugha ya pili ni mali ya aliyeongoza, na aliyetembea amebakishiwa kazi ya kusimulia. Nimeishi na kazi ya kutafsiri kwa miaka mingi, na sikumbuki mfano ulio wazi kuliko huu wa namna umiliki unavyoweza kuhamishwa jaladani, kabla msomaji hajafika kwenye sentensi ya kwanza. Jina la Götzen tuliweke akiba. Tutakutana nalo tena.

Sasa tuingie mjini pamoja na Salim. Mwaka 1896, akiwa mtumishi wa Dakta Bumiller, Salim alisafiri kutoka Udachi hadi Petersburg, akaingia Siberia, kisha akateremka Turkestani hadi Samarkand, ndipo akarudi. Ni safari ambayo hata leo, kwa ndege na simu za mkononi, wachache wetu tungeithubutu. Nathari yake hutembea kwa kiambishi -ka-, kiambishi cha miguu: mtu akaondoka, akafika, akalala, akaamka. Ukiisoma kwa sauti utasikia mwendo wa msafara. Ila kila anapoingia mji mkubwa mwendo hupungua. Vitenzi vya kwenda hupisha vitenzi vya kuwako, na msimulizi husimama akatazama. Mshairi atakitambua kituo hicho mara moja, kwa kuwa ndicho kituo cha ubeti.

Anatazama kwa nini? Hapa ndipo penye thamani ya Salim. Neno mizani lina maana mbili katika Kiswahili, na zote mbili zamhusu. Liko la dukani, la kupimia uzito, na liko la kwetu sisi watunzi, la kuhesabia silabi. Mgeni mjini huhitaji yote mawili: apime kile akionacho, na aipe sentensi yake urari. Wageni wengi hufika mjini mikono mitupu, wakaazima mizani ya mwenyeji. Wanastaajabu pale walipoambiwa pastaajabishe. Salim alifika na mizani yake kifuani. Alikuwa Mwislamu wa visiwani, na siku yake ilikuwa imegawanywa kwa sala tano. Mtu wa namna hiyo akifika kaskazini ya mbali, ambako katika majira ya joto usiku hautimizi giza, hapati mandhari ya kupendeza macho tu. Anapata swali: magharibi iko wapi, na isha huingia saa ngapi? Mzungu aliyezaliwa huko huona mwangaza wa kawaida. Mtalii wa leo huona picha. Mtu wa sala tano huona saa ya mbinguni imetenguka. Usiku ule mweupe unapata maana kubwa zaidi kwa sababu ya mizani aliyokuja nayo mgeni, wala si kwa sababu ya ukubwa wa mji.

Vivyo hivyo anapofika katika nchi za Waislamu wa Asia ya Kati. Kijerumani cha bwana wake hakimsaidii huko, wala yeye si mtu wa Kirusi. Lakini salamu inaitikiwa, kibla kinajulikana, na mtu wa Ngazija anakuwa si mgeni kabisa Samarkand. Mji usiojulikana umempa pembe moja anayoijua, na kutoka pembe hiyo anaanza kuusoma uliobaki. Nadhani hivi ndivyo kila mgeni mwenye akili anavyouingia mji: hutafuta herufi moja anayoitambua, kisha huunganisha.

Sifa hizo zisitufumbe macho tukasahau swali la pili, nalo ni swali la nafsi. Sisi ya Salim ni nani? Kiambishi tu- katika kurasa zake kinambeba bwana na mtumishi wake kwa pamoja, kana kwamba walikuwa na safari moja. Hawakuwa nayo. Mmoja alitazama miji kwa hiari na kwa fedha yake. Mwingine alitazama kati ya kazi na kazi. Kiswahili kina ukarimu katika sisi yake, na ukarimu huo huficha mengi. Msomaji makini atajiuliza kila anapokutana na tu- hiyo: hapa nani alipanda gari na nani alishika mizigo? Salim hasemi. Alikuwa akimwandikia Mdachi, na Mdachi huyo alikuwa mwenyeji wa karatasi hata pale Salim alipokuwa mwenyeji wa habari.

Nimesema kwamba umbali wa Hasamba na bahari una kazi yake. Ifuatayo ndiyo kazi hiyo.

Mkono uleule ulioandika Petersburg na Samarkand uliandika pia safari ya Nyasa, wakati von Wissmann alipopeleka stima yake katika ziwa lile. Stima hiyo, Hermann von Wissmann, ilipelekwa vipande vipande kwa mito Zambezi na Shire, ikabebwa pale penye maporomoko, ikaunganishwa na kuanza kuelea ziwani mwaka 1893. Wadachi wakajenga boma lao Langenburg, kaskazini ya ziwa. Mto Songwe, ambao jina lake ndilo jina la mkoa wetu tangu 2016, humimina maji yake katika ziwa hilohilo. Salim basi alifika jirani kabisa na nchi ya babu zangu, na mimi nilipokifungua kitabu nilitaka kujua, kama mtu yeyote angetaka, jirani yetu yule aliona nini.

Msomaji wa bara anayezisoma safari hizi za bara, ya Salim na hasa ile ndefu ya Sleman, atakutana na neno mshenzi likiingia bila hodi. Atakuta nchi zikipimwa kwa hongo iliyotakiwa, kwa chakula kilichopatikana au kilichokosekana, kwa mkuu aliyekuwa mkali na mkuu aliyekuwa mpole. Sisemi haya kwa kinyongo. Mtu wa msafara aliishi kwa mambo hayo. Asipojua bei ya mtama na ukali wa mkuu, hafiki. Mizani yake ilitengenezwa kwa ajili ya njia, na njia ilikuwa na mauti. Lakini linganisha. Ulaya hupewa siku ya kwanza, siku ya mshangao, kwa ukamilifu wake. Bara haipewi. Hakuna anayesimama mbele ya nyumba ya Mnyiha au ya Mfipa akashangazwa na ufundi wake kama anavyosimama mgeni mbele ya jumba la mfalme wa Kizungu. Bara msafiri huanzia siku ya tatu, tena siku ya tatu iliyopinduliwa, kwani jembe hukabidhiwa mwenyeji, na mara nyingi jembe lenyewe ni mzigo wa kubeba kichwani.

Huu ndio ufa wa kitabu, nami nauona kuwa ufa wa sehemu kubwa ya fasihi yetu iliyofuata. Mizani miwili katika duka moja: mmoja wa kununulia, mmoja wa kuuzia. Neno mshenzi limezeeka likastaafu, lakini limeacha wajukuu. Yuko mshamba, yuko mtu wa bara, wako wa kuja. Wasomaji wa pwani na visiwani wanayajua maneno haya kuliko mimi, na wanajua pia kwamba hutamkwa mara nyingine kwa tabasamu. Tabasamu hilo halimzuii kijana anayelipokea kuanza kujitazama mwenyewe kwa jicho la kuazima.

Kwa sababu hiyo hasa ndipo ninapoziheshimu kurasa za Siberia kuliko zote. Huko Salim anafika kwa watu ambao hawajapata kuona mtu mweusi. Wanamkodolea macho, wanamwogopa, wanajiuliza ni kiumbe gani. Yule aliyekwenda bara na daftari la kuandikia wengine amekuwa yeye habari inayosimuliwa jioni katika mahema ya watu wa farasi. Anatueleza kwa utulivu, karibu kwa mzaha, bila kulalamika. Wala hasemi: kumbe ndivyo walivyohisi wale niliowaita washenzi. Hilo hakulisema, na mhakiki hana ruhusa ya kumtilia maneno kinywani. Lakini kitabu kinalisema kwa mpangilio wake tu, kwa kuziweka Nyasa na Siberia chini ya jalada moja na jina moja la mwandishi. Msomaji akizisoma mfululizo atasikia safari moja ikiijibu nyingine, hata kama mwandishi hakukusudia.

Siku ya tatu haimo katika Safari za Wasuaheli. Imo katika maisha ya waandishi wa kizazi hicho, na ili kuipata inabidi tutoke kitabuni.

Amur bin Nasur wa Unguja alikuwa Berlin akifundisha Kiswahili tangu 1891 hadi 1895, na habari zake zilichapishwa na mwalimu Büttner mwaka 1894. Yeye alikuwa mgeni aliyeajiriwa: jembe lake lilikuwa chaki. Alichoandika kiliandikwa chini ya macho ya waliomwajiri, na msomaji hana budi kuuzingatia ukumbi huo, kama vile tunavyouzingatia ukumbi wa shairi la sifa lililosomwa mbele ya mtawala. Baada yake akaja Mtoro bin Mwenyi Bakari. Mtoro alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha. Mwaka 1903 kikatoka Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho kwa sehemu kubwa ni kalamu yake, ingawa jaladani ametangulia Velten. Mwaka 1904 alioa mke wa Kidachi. Mwaka 1905 aliacha kazi ya chuo baada ya dharau ya wanafunzi wasiokubali kufundishwa na mtu mweusi, akapanda meli na mkewe kurudi nyumbani. Meli ikafika Dar es Salaam. Serikali ikakataa mke yule asishuke, kwa kuwa ndoa ya namna hiyo ilionekana kuwa fedheha kwa utawala. Mtoro hakumwacha mkewe melini. Wakarudi Udachi pamoja, na Mtoro akaishi huko hadi alipofariki Berlin mwaka 1927.

Gavana wa wakati huo alikuwa Graf von Götzen. Ndilo lile jina la jaladani, jina la mmoja wa wenye misafara ambayo Waswahili walipewa kazi ya kuisimulia.

Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu. Mtu huyu aliandika juu ya Wadoe kama mgeni anavyowaandika wengine. Kisha akawa mgeni Berlin. Kisha, katika bandari ya nchi yake, majengo yakionekana kutoka melini, akafanywa mgeni Dar es Salaam. Kama angetuandikia siku ile moja, kwa Kiswahili kile safi cha Desturi, tungekuwa na ukurasa mkubwa kuliko kitabu kizima cha 1901. Fasihi yetu ya mgeni mjini ina sura iliyopotea, na sura hiyo ni bandari ya Dar es Salaam mwaka 1905, ikitazamwa na mtu aliyeijua kila herufi yake lakini hakuruhusiwa kuisoma.

Siku ya tatu iliandikwa na mwanamke, tena wa Unguja, ila haikuandikwa kwa Kiswahili. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliondoka Unguja mwaka 1866, akafunga ndoa Aden mwaka 1867, akawa Emily Ruete wa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu katika mji ambao ulikuwa haujamzoea. Kumbukumbu zake zilitoka mwaka 1886 kwa Kijerumani, na barua alizoziandika kama kwa rafiki aliyebaki nyumbani zilichapishwa miaka mingi baada ya kufa kwake mwaka 1924. Kwa kipimo chetu, Salme ndiye mwandishi kamili zaidi kati ya wote hawa. Aliijua Hamburg ya mishumaa na pia Hamburg ya kodi ya nyumba. Alijibu dhana ya Wazungu kwamba watu wa nchi za joto ni wavivu, akawaeleza kwamba baridi humlazimisha mtu kufanya kazi ambazo jua halimdai. Hiyo ni mizani ya mgeni kwa ubora wake: kukipima kiburi cha mwenyeji kwa hali ya hewa yake.

Hata hivyo mizani yake nayo ilipungua uzito mahali pamoja. Alipofika kuzungumza utumwa wa Unguja, aliutetea, akasema kwa ulimi wa bibi wa nyumba. Wengi wa watumwa waliofikishwa visiwani walitoka upande wa Nyasa, njia zilezile ambazo Salim alizipita baadaye. Katika kumbukumbu hizi wamo, wanahudumu na kucheza ngoma, lakini mji wa Unguja walivyouona wao siku walipoteremshwa hatuambiwi. Nao walikuwa wageni wa mji mkubwa. Walipewa jembe siku ya kwanza.

Nadhani Abdulrazak Gurnah aliiona nafasi hiyo tupu. Riwaya yake Paradise ilitoka 1994, na tangu mwaka 2022 tunayo kwa Kiswahili, Peponi, kwa kazi njema ya Ida Hadjivayanis. Wahakiki wameshaonesha kwamba Gurnah alizisoma safari za kina Sleman na Salim na kuzitia katika damu ya riwaya: msafara wa bara umo, na habari za Urusi zinasimuliwa barazani. Lakini jicho alilolichagua si la mwenye msafara. Ni la Yusuf, mtoto wa mji mdogo wa reli, anayepandishwa treni kwenda mji wa pwani akidhani anamfuata ami, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Mtoto huyu hana siku mbili. Anafika jioni, na dukani panamsubiri. Gurnah ameirudisha habari ya mgeni kwa yule aliyekuwa chini ya mzigo, na kwa kuwa sasa imekuja katika Kiswahili, imerudi pia katika lugha ilikotoka. Kama mfasiri ninasema kwamba marejeo haya ni tukio kubwa kuliko sherehe ya Nobel ya 2021.

Haya yote yanahusu nini leo? Yanahusu daftari za mashairi ambazo vijana wa huku huniletea. Kijana wa Mbozi akimaliza shule na shamba la kahawa likiwa limeshagawanywa kwa ndugu, hupanda basi Vwawa au Tunduma, au husubiri treni ya Tazara, akashuka Dar es Salaam, mji ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 5. Baada ya miezi michache huniletea beti. Takribani zote huanza na daraja la Kigamboni, na magari ya mwendokasi, na ghorofa za Kariakoo. Mizani ya silabi haina kasoro. Vina vimesimama. Lakini mizani ile nyingine imeachwa nyumbani. Kijana amejivika macho ya mwenyeji na anajicheka mwenyewe kwa kuwa mshamba kabla hajachekwa. Wengine hupinduka upande wa pili, wakaulaani mji kuwa Sodoma, laana ambayo nayo wameiazima. Kwa ajili yao nilipata kuutunga ubeti huu:

Mgeni aingiapo, humulikiwa kwa taa,
Huoneshwa yaliyopo, majumba ya kushangaa,
Ya tatu siku ijapo, jembe ndilo lamfaa,
Neno lake ndipo lipo, si la jana la kung'aa.

Mmoja kati yao alinifurahisha. Hakuandika daraja. Aliandika muuza kahawa wa usiku, mwenye birika na makaa na kashata, na wazee wa mtaa wakinywa kikombe kidogo huku wakibishana siasa. Kijana alikuwa mtoto wa mkulima wa kahawa ambaye nyumbani kwao kahawa huvunwa, hukobolewa, hupimwa na kuuzwa, wala hainywewi. Katika mji wa watu milioni 5 alikutana na zao la baba yake kwa mara ya kwanza kama kinywaji, akalipa, akaliona chungu. Shairi lina mizani moja au mbili zilizozidi katika ubeti wa tatu, na nimemshauri asizirekebishe kwa haraka. Yule amefanya alichokifanya Salim katika usiku mweupe: ameupima mji kwa kitu alichokuja nacho. Tena amefika mbele ya Salim, kwa kuwa ametaja bei na ametaja nani alipalilia.

Vijana hawa ningependa pia wajue jambo moja kuhusu Kariakoo, ambayo katika daftari zao husimama kama kilele cha ugeni. Jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, ambao kambi yao ilikuwa pale baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Maelfu ya wapagazi wa vita ile walikuwa watu wa bara, waliochukuliwa makwao kubeba risasi na unga. Moyo wa biashara wa mji ule unaitwa kwa jina la wabeba mizigo. Kijana wa Hasamba anayeshuka Kariakoo na begi lake, akiogopa kwamba kila mtu anamwona ni wa kuja, amesimama juu ya jina lililoletwa na watu kama babu yake.

Kwa hiyo nina maombi mawili, na nayapeleka kwa wasomaji wa jarida la visiwani kwa makusudi, maana kwenu ndiko lugha hii ilikolelewa. La kwanza, Safari za Wasuaheli zipatikane kwa bei anayoiweza mwanafunzi, kwa tahajia ya leo, na utangulizi wake usilifiche neno mshenzi wala kulisafisha. Neno hilo libaki pale lilipo, lielezwe lilitoka wapi na lilimwangukia nani, na kurasa za Nyasa zichapishwe pamoja na kurasa za Siberia zisije zikatenganishwa. La pili ni kwa watunzi. Pwani ilikwisha kuuandika mji wa Ulaya kwa jicho la mgeni, na iliandika vizuri. Sasa zisomwe pia beti za wale ambao mji wenu ndio Berlin yao. Watakuja na mizani ya kahawa na ya mahindi, na baadhi ya vipimo vyao havitawapendeza wenyeji. Methali nyingine ya wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sijaona mahali waliposema kwamba dawa anayokuja nayo mgeni lazima iwe tamu.